Wimbo Mmoja na Haroun

Katika basi la kutoka Ikutha kwenda Kitui nilikaa nyuma ya mwimbaji wa kwaya, mama aliyemwambia jirani yake kuwa anaitwa Kasiva. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwita aeleze kwa nini ameingia bendi ya benga, muziki wa dansi wa magitaa. Hakutulia, kila tuliposimama alichungulia dirishani.

"Hiyo si bendi," alimwambia yule jirani, mzee mwenye kofia. "Tuliimba na Haroun, yule mwanamuziki wa benga, wimbo mmoja, siku moja, kila mtu akaenda kwao."

"Huo wimbo nimeusikia redioni. Mliitwaje?"

"Kasiva na Haroun."

"Sasa mama, kitu kiko na jina, kinachezwa redioni, na unasema hakiko?"

"Jina ni ya mtangazaji! Bendi ni watu wanafanya mazoezi, wanakosana, wanarudiana."

Mimi nilikuwa upande wa Kasiva, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Na Haroun akikuita tena?" mzee aliuliza.

Kasiva alifungua Biblia, akaifunga. "Aliniita jana. Nikamwambia nitamjibu nikitoka kwa wazee."

Basi likasimama Kitui. Alishuka wa kwanza, akitembea haraka. Mzee akatoa kichwa dirishani: "Mama, hujaniambia utamjibu nini!"