Mama Kinyaa na Mwisho wa Kitabu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka msusi. Msusi msoma riwaya. Mtaani walimwita Mama Kinyaa, maana neno hilo halikumkauka mdomoni.

Kitabu kinampamba maskini ili msomaji alie? "Kinyaa!" Insha inazunguka weee, haisemi kitu? "Kinyaa! Huyu anasuka kipara!"

Ila kilichomtapisha hasa ni muhtasari. Narudia, muhtasari. Mteja akisifu riwaya aliyoidokoa kwenye simu, kitana kinasimama hewani. "Shoga, umekula au umesomewa menyu?" Saluni nzima hoi kwa kicheko.

Mwaka huu macho yakamfifia. Binti yake, fundi simu, akawa anamsomea riwaya ya mama na mwana waliokosana. Binti akichoka, anaruka kurasa.

"Mwanangu, huyu mtu alikuwa kwenye ngazi. Jikoni kafikaje?"

"Si kashuka, mama!"

"Kashuka anawaza nini? Rudi kwenye ngazi!"

Kisha hospitali. Mama akaomba kitu kimoja tu: asikie mwisho wa kitabu. Kitabu kimebaki nyumbani. Binti akafungua simu, akamsomea muhtasari kwa sauti ya kitabu kabisa. Humo, yule mama wa riwaya akamsamehe mwanawe, wakakumbatiana, machozi yakawatoka.

Mgonjwa akakunja uso kama kanusa maziwa yaliyochacha.

"Kinyaa. Yule mama hawezi hayo. Kalete kitabu."

Binti akatoka mbio. Aliporudi, kitanda kimeshatandikwa upya.

Wasikilizaji, nimeongea na binti huyo. Anasema: "Nikausoma mwisho pale pale kwenye korido. Hakuna kukumbatiana. Mwana anagonga, mama anafungua mlango, anamwambia, 'Futa miguu.' Basi, kitabu kimeisha. Mama yangu alijua. Na mimi nilimlisha uchafu."

Halafu msibani, watu wakapokezana kipaza sauti. "Marehemu alipenda vitabu." Wote hivyo hivyo, "alipenda vitabu." Hakuna aliyetaja hata kimoja! Muhtasari juu ya jeneza. Kinyaa!

Binti, pole sana. Shangazi, wajomba na wasusi wote wa saluni ile, poleni, tunalia nanyi.

Na wewe mwenye simu mkononi, kile kitabu unachokisifu kila mahali, yule mtu jikoni alifikaje? Hujui, eh?

Rudi kwenye ngazi.