Kikapu Kisichomwaga Ulezi

Akina mama wa Mbeya, na ninyi wenzangu tuliokuja kwa basi kutoka Iringa, nimeambiwa nieleze jinsi kiwanda chetu cha vikapu kilivyotaka kufa na jinsi kilivyopona. Nitaeleza. Ila mnaonong'ona kule nyuma mnyamaze kwanza. Sauti yangu ndogo, na kusimama mbele za watu sijakuzoea mpaka leo.

Kwetu ni upande wa Kilolo. Mume wangu alifariki mara tu baada ya sisi kuhamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, na goti langu lilikuwa limeshakataa jembe. Nilibakiwa na kusuka. Kijiji kilitupa banda la mabati, tukakaa humo wanawake tukisuka vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni, na lori la kijiji likavipeleka Iringa mjini kwa Mwislamu mmoja mwenye duka. Banda lile ndilo lilikuwa shamba langu. Wajukuu wangu walikula kutoka mle. Shikeni hilo, ndipo mtaelewa kwa nini niliogopa.

Tuligawana kazi kama tulivyosikia viwanda vya mjini vinafanya. Wazee walianzisha kitako, sisi wa makamo tukapandisha ubavu, wasichana wakamalizia mdomo na mishikio. Kazi ilikwenda mbio. Mimi vitako vyangu nilivipokea kutoka kwa mama mkwe wangu, mama wa marehemu, msukaji ambaye sifa zake zilifika mpaka Kalenga.

Halafu siku moja lori likarudi kutoka mjini limejaa vikapu vyetu wenyewe. Safari iliyofuata nikapanda mimi, nikamfuata mwenye duka.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Usinikasirikie. Vikapu vyenu vinapendeza macho. Ila mtu akitia unga, nusu unabaki njiani. Anarudi hapa na nguo nyeupe kwa unga, ananitukana mimi. Nimjibu nini?"

Nilirudi nimekumbatia mikono yangu kama mgonjwa.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti hakuzunguka. "Mahindi yetu yanaoza kwenye ghala linalovuja," alisema, "na hapa pana banda zima la kutunzia vikapu vilivyokataliwa. Banda liwe ghala." Watu wakaitikia. Ni Bwana Maendeleo, afisa wa serikali pale kijijini, aliyesimama kututetea. Akasema watu wa viwanda vingine hukaa kwanza wakaandika azma yao, sentensi moja tu, ya kusema wanataka kuwa nini. "Wapeni hadi mkutano ujao walete yao. Wakishindwa, tieni mahindi."

Sentensi moja! Mnadhani rahisi? Mimi herufi nilizijulia kwenye kisomo cha watu wazima, tena kwa kuzikodolea macho. Tukamwita mwalimu wetu wa kisomo, binti mwenye moyo mzuri, akatuandikia ubaoni: Kiwanda chetu kitakuwa mfano bora kwa Taifa na kwa Afrika nzima. Tukapiga makofi.

Bwana Maendeleo akapita, akasoma, akatikisa kichwa taratibu. "Maneno mazuri. Sasa, mama, kesho asubuhi mkono wako utafanya nini kwa sababu ya maneno haya?"

Mmoja wetu akajibu, "Utapiga makofi tena."

Tulicheka, kicheko cha watu waliobanwa. Hata mwalimu alicheka, akachukua kitambaa akafuta ubao.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ugonjwa wetu tulikuwa tunaujua. Vitako vilikuwa vimelegea. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameingia ukungu, akasuka anapokisia. Mimi niliona, wasichana waliona, na kila mmoja aliongeza kazi yake juu ya kitako kilicholegea akanyamaza. Nani amwambie? Ninyi Wanyakyusa mnaompisha baba mkwe njia mpaka mnajificha migombani, msinicheke. Kwetu sisi mkwe humkimbii, lakini kazi ya mikono yake huirudishi. Ukimrudishia mama mkwe kitako ukasema "hiki kibaya," hapo umefunga virago vyako mwenyewe. Viwanda vya mjini havina wakwe. Sisi tulichukua mpango wao, tukaweka wakwe mstari mzima.

Siku za mkutano zikawa zinakaribia. Nikimtazama mama mkwe ameinama na kitako chake, natamani kusema, ulimi unakuwa mzito. Ndipo nikakumbuka siku niliyoolewa. Kwetu bibi harusi alikuja na kikapu alichokisuka mwenyewe, na uani kwa wakwe kikamiminiwa ulezi, kwa sababu hakuna punje ndogo kama ile. Ukimwagika, basi, wanawake watakuimba kwa dhihaka mwaka mzima. Na aliyenimiminia mimi alikuwa ni huyuhuyu mama mkwe. Nikakiinua mbele ya wote. Hakuna punje iliyoanguka.

Asubuhi nikafika bandani na ulezi kwenye kitambaa. Nikasema, "Azma tunayoitafuta ni hii: kikapu kitakachotoka mlango huu hakitamwaga ulezi. Na kabla ya kupokea kazi ya mwenzako, unamimina." Wote wakatazama chini, maana walijua kitako cha kwanza kupokelewa ni cha nani.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nimepiga goti, hilihili bovu. Nikamimina. Nikakiinua.

Ulezi ulianguka sakafuni kama mvua ya manyunyu. Mama mkwe hakuona, lakini alisikia. Akainama, akapapasa sakafu, akaokota punje akazisugua kwenye vidole.

"Ni changu hicho?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

Hakungoja jibu, akageuza uso upande wa wasichana. "Mmekaa mnanitazama nikisuka chujio, mkanyamaza? Mnanizika nikiwa hai?" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe lete milulu. Macho yamekwenda, vidole vipo. Kuanzia leo nasokota nyuzi, na uzi dhaifu ukipita mikononi mwangu mniimbe. Na hiyo sentensi yenu haijaisha. Ongezeni: hata kiwe kimesukwa na mkwe."

Banda lote lilicheka, nami nikalia papo hapo, bila aibu.

Mkutanoni niliisoma mwenyewe: Kikapu kitakachotoka mlango huu hakitamwaga ulezi, hata kiwe kimesukwa na mkwe. Wanaume waliangua kicheko. Mwenyekiti akangoja wanyamaze, akauliza kwa ukali, "Na kesho asubuhi mtafanya nini?"

"Tutamimina ulezi," nikasema. "Mlango uko wazi, njoo utazame."

Alikuja. Alikuja tena, hakuona punje iliyoanguka. Mahindi yakajengewa ghala jingine.

Nawashukuru mwenye duka aliyesema ukweli bila matusi, Bwana Maendeleo aliyetuuliza mkono utafanya nini, na mwalimu aliyekubali kufuta ubao wake. Mama mkwe hakuwahi kufika Mbeya. Nyuzi zake zimefika. Ninyi mnaoanzisha viwanda vya sabuni, vya matofali, vya kufuma, msiandike maneno ya kupigiwa makofi. Andikeni neno ambalo hata anayemwogopa mwenzake ataweza kulifanya mbele yake.

Maneno yangu yameisha. Kikapu hiki nimekuja nacho, kina ulezi ndani. Kipitisheni mkono kwa mkono mpaka kwa wale waliokuwa wananong'ona nyuma. Kikirudi hapa mbele, wote tutatazama sakafu.