Kichwa Chenye Mvi

Mwalimu wa jiografia alikuwa akimweleza fundi cherehani, jirani yake wa kiti ndani ya basi, kwa nini nchi nyingine zinafunga shule. Mimi nilikaa nyuma yao.

"Kule wazee ni wengi, watoto wa kutafuta kwa tochi. Sisi ni kinyume, tumejaa watoto na vijana."

"Mwalimu, wazee wapo. Kwetu ninao wawili."

"Wachache, ndugu yangu. Chukulia kwamba basi hili ndilo nchi. Hebu geuka, tafuta kichwa chenye mvi."

Fundi akapitisha macho kiti kwa kiti. Nami nikajikuta natafuta, kana kwamba nimetumwa.

"Kweli, hakuna hata mmoja," fundi akakubali.

"Si nilikwambia? Nchi changa hii!"

"Hamjatafuta vizuri, wanangu," ikasema sauti juu ya bega langu. "Wenye mvi tumesimama."

Alikuwa bibi mmoja, ameshika bomba la basi kwa mkono mmoja, kapu kwa mwingine. Tuliinuka basi zima, kama darasa lililofumaniwa na mwalimu mkuu.

"Kaa hapa, mama," mwalimu alisema, akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Kaa tu, baba. Mimi nimefika."

Basi likasimama, bibi akashuka. Viti vyote vilikuwa vitupu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa.