Aniello Balzano, Donna Amalia, Mjane wa Liberato Izzo

Nitakayoyasoma hapa hamtayaamini, wala simlaumu mtu. Mimi Tatonno, fundi viatu, mjomba wa marehemu, niliishia darasa la nne, lakini uongo naujua kuliko maprofesa, na haya si uongo. Tangazo la msiba mlilolikuta ukutani asubuhi ya leo nimelibandika mimi, nakala sitini, kutoka kanisani mpaka stesheni. Mpwa wangu Nunziata, dada wa marehemu, alitaka tuandike "Aniello Balzano, mwokaji mstaafu," basi. Mimi nimeandika jina lote, kama marehemu alivyoniapisha. Anayetaka kulibandua na ajaribu. Gundi niliyotumia ni ya soli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1950, hapa Torre Annunziata, mtoto wa nne wa dada yangu Rachele na mumewe Vitale, mkausha tambi. Mkunga alisema hajapata kuona kichanga kinacholia, kikanyamaza kidogo kuangalia nani anasikiliza, kisha kikaendelea.

Alisoma kwa masista, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Hesabu ilimshinda. Sista mmoja alimkuta akiiga mwendo wake mbele ya darasa zima. Alicheka kwanza, ndipo akamchapa.

Mwaka huohuo aliingia kazini kwenye tanuri la Don Crescenzo, akaoka mkate miaka arobaini na sita. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane ilianza Jumanne, tarehe 27 Februari 1968, siku ya kumzika Kanivali, yule sanamu wa sherehe za kabla ya Kwaresima, wa majani makavu na tumbo la mito. Mzee Ferrara, aliyekuwa akivaa gauni jeusi kila mwaka na kumlilia kama mjane wake, alikuwa amevunjika mguu. Aniello akaja kibandani kwangu.

"Mjomba, nataka viatu vyekundu vyenye visigino. Namba arobaini na nne."

"Vya nani hivyo?"

"Vya shangazi mmoja, ana miguu mikubwa."

"Basi kaa hapo, shangazi, nikupime."

Akavivaa, akapanda mkokoteni, akamlilia Kanivali mpaka wauza samaki wakafuta macho kwa aproni zenye magamba. Kuanzia siku hiyo akawa Donna Amalia, bibi wa jukwaani. Aliimba kwa sauti yake mwenyewe, hakuwahi kufungulia kanda na kuchezesha midomo. Aliimba Napoli, Bari, Palermo, kwenye harusi na sikukuu za watakatifu, na viatu vyote nilishona mimi. Mlevi mmoja kule Salerno alimpigia kelele: "Wewe mwanamume au mwanamke?" Akamjibu: "Leo Jumamosi, mimi ni Donna Amalia. Njoo Jumatatu tanurini uniulize tena, nitakujibu kwa koleo la mkate." Ukumbi ukalipuka. Mlevi akanunua tiketi ya kesho yake.

Sasa ndoa. Najua kuna watakaokohoa, kohoeni, nawasubiri. Mwaka 1975 alikutana na Liberato Izzo, fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Waliishi nyumba moja miaka ishirini na mitatu. Kila Jumapili nilikula kwao mchuzi wa nyama uliokuwa jikoni tangu alfajiri, na kama ile haikuwa ndoa, basi mimi na marehemu mke wangu hatukuwahi kuoana. Liberato alifariki tarehe 3 Oktoba 1998. Tangazo lake ukutani liliwataja ndugu, wapwa, hata wafanyakazi wenzake. Aniello hakutajwa.

Siku ya maziko akatoka nyumbani na lile gauni jeusi la mjane wa Kanivali, shela usoni, viatu vyekundu miguuni, akaingia barabarani nyuma ya jeneza. Watu walikuwa wamezoea kulicheka gauni lile. Kaka yake Liberato akamzuia.

"Kanivali iliisha Februari, wewe! Nenda ukavue hayo!"

"Kanivali namzika kila mwaka," Aniello akasema. "Huyu namzika mara moja tu. Nipishe, shemeji."

Akapishwa. Hakuna aliyecheka. Alitembea peke yake mpaka kwenye chemchemi, na hapo ndipo viatu vya watu wengine vilipoanza kusikika nyuma yake.

Saratani ya mapafu iligunduliwa Septemba mwaka jana. Alikataa kulala hospitali. "Taa zao zinanifanya nionekane mzee." Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 12 Mei 2023, saa moja asubuhi, dada yake Nunziata akimshika mkono, hilo nalo liandikwe, maana Nunziata hakumwacha hata siku moja. Wiki mbili kabla, marehemu alinitaka nimsomee karatasi hizi, mahali pa siku ya kifo pakiwa bado patupu. "Ukidanganya nitakukatiza," akasema. Alisikiliza yote kimya mpaka kwenye sentensi ya mwisho. Aliponikatiza ndipo nilipoacha, na alichosema nimekiandika kama kilivyo, kwa amri yake.

Ameacha dada mmoja, Nunziata, wapwa watano, jozi thelathini na moja za viatu, ukitoa zile nyekundu alizo nazo miguuni, na mimi mjomba wake, ambaye siku ile ya Liberato nilikuwa wa kwanza kabisa kushuka barabarani, kofia mkononi, kifua mbele, nikawaongoza watu elfu mbili nyuma yake, na kengele zote za mji zikaanza kujipiga zeny—

"Kumi na wanne, Mjomba. Nilihesabu. Na wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho. Ulisimama kwanza mlangoni kwa kinyozi. Viatu vyako vilikuwa vinalia, fundi hajitengenezei vyake, ndivyo nilivyojua umekuja. Andika hivyo. Kisha niache nipumzike."