Mzee Kaboni, Aliyepinga Kufutiwa Matunzo

Tunayemzika leo, ambaye watu wa mahakamani walimwita Mzee Kaboni hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1944, katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza mizani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi mizani, mtu mkali, asiyekubali jiwe la ratili lipungue hata kwa unyoya. Mama yake alifua nguo za watu. Nyumba ilikuwa na maneno machache, na marehemu alirithi uchache huo wote, akawaachia ndugu zake kelele.

Alianza shule mwaka 1951 na akatoka darasa la nane mwaka 1958, ada ya kuendelea ilipokosekana. Mengine yote alijisomesha. Alinunua kitabu cha kupiga chapa kilichokosa jalada, akachora vitufe vyote juu ya ubao, akafanya mazoezi kwenye ubao huo mwaka mzima kabla hajagusa mashine. Siku alipokalishwa mbele ya taipureta ya kweli, katika ofisi ya wakili aliyekuwa akitafuta mpiga chapa, aliandika ukurasa mzima bila kosa. Wakili akauliza amefundishwa wapi. Akajibu, "Kwenye ubao, bwana." Wakili alicheka, akampa kazi. Vijana wa siku hizi wana mashine mifukoni na hawawezi kuandika barua ya kuomba ruhusa.

Tangu mwaka 1968 alikuwa na meza yake mwenyewe kwenye baraza la mahakama, upande wa masjala: taipureta moja, benchi la wateja na deski lenye droo mbili. Hakutoa karatasi bila nakala ya kaboni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi daima. Jina lilitoka hapo. Aliandika maombi ya mirathi, ya mipaka ya viwanja, ya dhamana. Lakini aliyojulikana nayo zaidi ni maombi ya matunzo ya wake walioachwa. Wanawake walitoka mbali, wakipita waandishi wengine wanne, wakaja kukaa kwenye benchi lake.

Walifika wakilia, naye aliwaacha walie mpaka wamalize. Kisha ndipo mazungumzo yakaanza.

"Baba, andika kwamba ni mshenzi."

"Ushenzi hauna aya, mama. Mmeishi pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Andika pia ana kimada."

"Hakimu hatoi matunzo ili kumwadhibu mtu. Anataka kujua wewe unahitaji nini na yeye anaweza nini. Uliacha kazi gani ulipoolewa?"

"Kazi gani? Nilikuwa nalea watoto wake!"

"Hiyo ndiyo kazi. Hiyo tunaiandika."

Aliwauliza wote maswali yaleyale, kwa utaratibu uleule. Umri na afya. Miaka ya ndoa. Walivyoishi kabla hawajagombana. Nani alipika, nani aliuguza wazee, nani aliacha masomo au mshahara ili mwenzake apande cheo. Mume anapata kiasi gani, mke anaweza kujipatia kiasi gani, na je, umri alionao unamruhusu kuanza upya. Hakuwa amesoma sheria darasani. Alikuwa amesikiliza hukumu kupitia dirisha kwa miaka mingi, akajua mahakimu wanapima nini na wanaacha nini.

Jumamosi tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na opereta wa simu wa posta, binti wa miaka ishirini, ambaye sauti yake aliipenda kwenye waya kabla hajamwona uso. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1972 na wa kike mwaka 1975. Alipozaliwa wa kwanza, marehemu alimwomba mkewe aache kazi, naye akaacha. Siku hizo jambo kama hilo lilikwisha kwa sentensi moja, na hakuna aliyeuliza lilimgharimu nani. Waliishi kwa heshima. Hawakuwahi kupigana wala kutukanana. Asubuhi alitoka, jioni alirudi, akanawa vidole vyake kwa sabuni ya mche, akala, akanyamaza.

Mwezi wa pili mwaka 2002 mkewe alikwenda kwa dada yake. Marehemu alidhani ni matembezi. Wiki ya tatu, mchana, alinyanyua uso kutoka kwenye mashine akamwona kwenye benchi, amepanga foleni nyuma ya mwanamke mwenye shauri la mirathi. Zamu yake ilipofika alisogea mbele.

"Umeniletea chakula?" marehemu akamwuliza.

"Nimeleta shauri."

"Dhidi ya nani?"

"Yako wewe. Ningekwenda kwa mwingine, lakini wale wanaandika ovyo."

Waliokuwa karibu walicheka wakidhani ni utani wa mtu na mumewe. Marehemu hakucheka. Alimwuliza amekosa nini. Akajibiwa, "Hujakosa kitu. Maneno yote unayaacha hapa barazani. Mimi nyumbani naletewa mtu aliyefungwa kama bahasha. Miaka thelathini na mmoja, baba watoto. Nimechoka kuongea na sufuria."

Enzi za wazazi wetu, wazee wa pande mbili wangeitwa, wakakaa mpaka jua linazama na kuchomoza tena, na hao wawili wasingeinuka kabla ya kusemeshana. Lakini wazee hao walishakufa, na waliobaki walikuwa na haraka. Basi marehemu alifanya alichokijua. Alipachika karatasi mbili na kaboni katikati, akaanza kuuliza maswali yake. Hapo ndipo alipofahamu kwamba mwezi uleule mkewe alipoacha kazi, posta walikuwa wamemwandikia barua ya kumfanya msimamizi wa zamu. Mkewe aliichana bila kumwonyesha mtu. Marehemu aliiandika barua hiyo katika aya ya sita.

Maombi yake yote yalikuwa na aya moja isiyobadilika, aliyoitunga mwenyewe ujanani: kwamba mwombaji hana tena tumaini la kuishi na mjibu maombi kama mke na mume. Wateja hawakuulizwa kuhusu aya hiyo. Vidole viliiandika vyenyewe. Siku ile pia viliiandika. Alipochomoa karatasi ndipo alipoiona.

"Aya ya tisa umeisoma?" akamwuliza.

"Nimeisoma."

"Iko sawa?"

Mkewe alichukua kalamu. "Wewe ndiye uliyeiandika," akasema, akatia sahihi.

Baadaye marehemu alimsimulia mdogo wake jambo hilo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Ile ya tisa sikumwuliza. Nilipaswa nimwulize."

Shauri lilisikilizwa tarehe 9 Septemba 2002. Hakimu, mama wa makamo, alimwuliza mjibu maombi ni aya ipi anayoipinga. Akasema hakuna yenye kosa. Hakimu akauliza nani ameiandaa hati nzuri namna ile. "Mimi, Mheshimiwa." Chumba kizima kilicheka, na karani akaangusha kalamu. Hakimu hakucheka. Alisoma uamuzi polepole: kwamba ndoa ilidumu miaka thelathini na miwili, kwamba mke ana miaka hamsini na miwili na aliacha mshahara na cheo kwa ombi la mume, kwamba kazi yake ya nyumbani ndiyo iliyomwezesha mume kukaa barazani bila wasiwasi, kwamba mume ana nyumba na kipato cha kudumu. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake, akasema, wala matunzo si faini. Akatoa talaka na amri ya matunzo ya kila mwezi, mpaka mke aolewe tena, au mmoja wao afariki, au hali zao zibadilike na mahakama iombwe kuitazama upya. Kwa ombi la marehemu, aliruhusiwa kupeleka fedha kwa mkono badala ya kulipia dirisha la mahakama.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa karibu miaka kumi na miwili, alinyoa ndevu, akapiga pasi shati, akatembea hadi nyumba ndogo ambako mkewe alikuwa ameanzisha kitalu cha miche. Alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa. Mama watoto alitia sahihi kwenye daftari, wakati mwingine akasema, "Mvua ya mwaka huu imechelewa," naye akajibu, "Imechelewa kweli." Ikinyesha, alipewa kiti barazani mpaka ikatike. Mtoto wake wa kiume alimshauri atume kwa simu asijichoshe. "Simu inabisha hodi?" alimwuliza. Kijana hakuelewa, na mpaka leo huenda hajaelewa.

Wakati huo kazi ilikuwa inakufa. Fomu zilikuja zimechapwa tayari, na kila kibanda kikawa na kompyuta. Benchi lilibaki na watu wanaongojea gari. Jicho la kushoto likaingia ukungu. Angeweza kuiomba mahakama impunguzie, na kwa haki angepunguziwa, kwa kuwa kipato kilikuwa robo ya zamani. Hakuomba. Alipunguza mlo.

Mwezi wa nane mwaka 2014 aliletewa hati ya kuitwa mahakamani. Mkewe alikuwa ameomba amri ya matunzo ifutwe. Marehemu alikwenda na kiapo kinzani cha aya kumi na mbili, kilichopigwa kwa taipureta, cha mwisho alichowahi kukiandika. Hakimu alikuwa kijana.

"Mzee, umeelewa? Anaomba usimlipe tena."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Na wewe unapinga?"

"Napinga."

"Unapinga kuacha kulipa?"

"Miche hukauka, Mheshimiwa. Magoti yake yanamsumbua wakati wa baridi. Nimeandika yote."

Watu walicheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Mama akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, mimi nauza miche, nakula nashiba. Huyu kila mwezi anakuja amekonda kuliko mwezi uliopita. Mtazame shingo. Nataka ale."

Hakimu alieleza kwa upole kwamba matunzo husimama juu ya miguu miwili, hitaji la mmoja na uwezo wa mwingine, na hapa yote miwili imeondoka. Sheria haiwezi kumlazimisha mtu apokee asichokihitaji kutoka kwa asiyekuwa nacho. Akauliza kama mjibu maombi ana la kuongeza.

"Nitabisha hodi kwa sababu gani?" marehemu akasema.

"Hilo, mzee, haliko mbele yangu."

Amri ikafutwa. Nje, kwenye ngazi, mama alimshika kiwiko ashuke salama, akamwambia, "Nenda ukale, baba watoto." Aliyasema kwa huruma. Yeye aliyasikia kama mlango unaofungwa. Alikuwa mtu wa adabu za kale: mwanamume hagongi kwa mwanamke aliyeachana naye bila jambo la kumpeleka, na jambo lilikuwa limekwisha. Hakwenda tena. Alipita mtaa ule mara kadhaa, upande wa pili wa barabara, akitazama mbele. Mara moja aliiona miche mipya ya mipapai kupitia uzio, akarudi nyumbani, akampigia mdogo wake simu kumwambia hivyo, kwamba kuna mipapai. Hakuwa na habari nyingine.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya peke yake. Haipendezi kusema haya makaburini, lakini wengi mliofika leo kwa magari hamkufika kwake kwa miguu katika muda wote huo. Watoto walituma fedha kwa simu, na kilichotumwa kilifika. Mlio wa ujumbe si mgeni. Alikuwa akimwandalia kiti mtu wa kusoma mita za maji, akimwomba akae kidogo, naye akisema ana nyumba arobaini mbele yake.

Mwezi wa nane mwaka huu, 2019, moyo wake ulipanuka, akalazwa siku tatu. Alijaza fomu ya wodi mwenyewe, kwa herufi zilizonyooka. Alitoka akasema amepona. Jumatatu tarehe 4 Novemba msoma mita alibisha asijibiwe, akachungulia, akamkuta sakafuni jikoni. Ndiye aliyeita gari la wagonjwa, na familia inamshukuru, ingawa haina jina lake.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 7 Novemba muuguzi alifungua faili la zamani, la mwezi wa nane, akapiga namba iliyoandikwa kama ya mtu wa karibu. Aliyepokea alikuwa mama. Alifika kwa miguu, udongo wa kitalu ungali kwenye kucha, dakika ishirini baada ya marehemu kukata roho. Muuguzi alihitaji sahihi.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Tuliachana. Kwa mahakama. Ni miaka kumi na saba."

"Maana hapa mzee ameandika 'mke'. Nibadilishe niweke nani?"

Mama alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda, kitu ambacho hakuna aliyekifanya siku zote tatu. Kisha akasema, "Acha kama alivyoandika."

Marehemu hakuyasikia hayo. Tunayasema hapa kwa sauti, yawekwe pamoja naye.

Ameacha mke, mtoto wa kiume, mhasibu, mtoto wa kike, mwalimu wa hisabati, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake mmoja. Kamati ya mazishi iliomba neno la kwanza katika orodha hii liondolewe kwa kuwa si la kisheria. Halikuondolewa.

Alale, na kimya anachokiendea kiwe chepesi kuliko kile alichokizoea.