Vichwa Vitano Mlangoni kwa Mashine

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemea ukuta wa kinyozi anayeitwa Mashine, katikati ya duka la simu na fundi cherehani. Hapo ndipo mji unapoendeshwa. Wakubwa wana ofisi zao, sawa, hatukatai, lakini mambo mazito, kama nani anaimba na nani anapiga kelele, nani amevaa na nani amejifunika tu, huamuliwa hapo, pembeni ya birika la Bi Mvuke muuza kahawa. Na juu ya benchi, kando ya mlango, miaka nenda miaka rudi ulining'inia ubao wenye vichwa vitano vilivyochorwa kwa mkono, viwili juu na vitatu chini, kila kimoja na mtindo wake wa nywele na namba yake. Mteja anakuja, ananyoosha kidole, anasema "nikate mbili", na Mashine hana swali. Asubuhi hiyo ubao ulikuwa unashushwa.

Mashine alikuwa amepanda juu ya stuli, bisibisi mkononi, na moyo wake ulikuwa mzito. Tangu ile saluni ya vioo ifunguliwe ng'ambo ya barabara, yenye taa za bluu na muziki unaotikisa madirisha, vijana walikuwa wanapita mlangoni kwake wakimpa shikamoo ndefu, ya kumpa pole. Mmoja aliuita ubao wake makumbusho, akiwa anacheka. Mashine naye alicheka. Kisha akaenda duka la kuchapa akaagiza bango jipya, lenye picha za wasanii wanaotamba sasa hivi, maana kinyozi asiye na wateja ni mtu mwenye kioo tu.

— Taratibu, Mashine! Ukiupasua umeniua.

Huyo ni Msumari, fundi seremala. Ubao alikuwa ameahidiwa yeye, na kichwani mwake ulishakuwa mgongo wa kabati la mteja. Alikuwa amesimama chini na tepu yake ya kupimia.

— Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi, akaongeza.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? akauliza Redio.

— Mimi si mjenzi? Miti sina. Inaingia yote, na mlango unafungika.

Redio aliitwa Redio kwa sababu hazimiki. Alichana tiketi kwenye jumba la sinema mpaka jumba likageuzwa duka la makochi, na kwa hiyo kuhusu mastaa neno lake lilikuwa sheria. Sasa alikuwa anautazama ubao ukishuka kama mtu anayeona jirani yake akihamishwa.

— Mnajua mnachokifanya lakini? Namba moja huyo ni bingwa wa sinema za mapanga. Mwenyewe! Tazama pengo la meno. Alilipata kazini, alidaka upanga kwa meno.

— Kwa meno?

— Na upanga ndio ulioumia. Lakini watu wa siku hizi hamthamini. Nyani haoni kundule, bwana.

— Hiyo nayo umeikosea, alisema Bi Mvuke.

— Nimeikosea wapi? Nyani ni nyinyi. Hamuoni.

Akacheka, na pengo lake la mbele likaonekana lote.

Mashine alifungua skrubu ya mwisho. Wakaupokea ubao watu watatu, wakauegemeza palepale juu ya benchi, kati ya Redio na Msumari, ukakaa kama mwenzao. Msumari akavuta penseli nyuma ya sikio, akaandika kipimo kiganjani, akairudisha penseli sikioni.

— Mimi huyu namba mbili ndiye atakayeniuma kumkata na msumeno, alisema. Mpiga ngoma yule. Yule wa bendi kubwa, aliyekuwa anapiga mpaka kiti kinahama. Si mnaona fimbo ya ngoma hiyo hapo sikioni?

— Fimbo fupi hivyo?

— Nyingine ilivunjika. Si nimewaambia alikuwa anapiga?

— Basi namba tatu usimguse, alisema Bi Mvuke, akimimina. Huyu mwenye hereni. Nampenda bure. Ana macho ya mtu asiyechezewa.

— Huyo ni mwanamume, Bi Mvuke, alisema Redio. Ubao wa kinyozi hauwekwi mwanamke. Ni yule mwimbaji wa ng'ambo, wa suruali za ngozi. Wote walivaa hereni wale.

— Mwanamume mwenye shingo hiyo? Haya.

Mashine yeye wake alikuwa namba nne, na hakutaka wamguse. Namba nne ameinamisha kichwa kidogo, nyusi moja imepanda juu, anakutazama kana kwamba umemuuliza jambo analolijua vizuri. Mashine aliamua zamani kwamba huyo ni yule mwimbaji ambaye nyimbo zake zilikuwa zinapigwa kila kona mwaka ule duka linafunguliwa, siku za wembe mmoja na kioo cha kuazima. Kila asubuhi, kabla hajafungua kufuli, alikuwa anamtupia jicho. Mtu kama huyu, alikuwa anajiambia, hawezi kuogopa mlango wake mwenyewe. Na kweli, alikuwa anafungua. Siku ile saluni ya vioo ilipozinduliwa alishindwa kumtazama usoni. Aliona haya.

Namba tano hakuwa na mwenyewe. Kichwa cha kawaida, nywele za kawaida, na juu ya nyusi doa la rangi ya kijani lililomwagika kwa bahati mbaya. Hakuna mteja aliyewahi kumtaka.

Ndipo akaja Dizaini, binti wa duka la kuchapa, bango jipya limeviringishwa kwapani. Alitoa shikamoo kwa wote, akapokea kikombe, akageuka auone ukuta atakapolitundika. Akauona ubao. Kikombe kikabaki njiani.

— Ala! Nani alichora hivi?

— Brashi, alisema Mashine.

— Brashi nani?

— Brashi tu. Alikaa hapa masika nzima, ubao mapajani, kila siku. Ukimuuliza hawa ni kina nani, anasema "mastaa", basi. Hakuwa na maneno.

Dizaini alichuchumaa. Alipitisha kidole karibu na rangi bila kuigusa.

— Mjomba, mimi nafanya hii kazi kwa kompyuta, nina rangi milioni. Hii ngozi siipati. Si nyeusi, si ya udongo. Na kila uso una wake!

— Ni kahawa yangu, alisema Bi Mvuke.

— Acha zako!

— Naapa. Alikuwa anachovya brashi kikombeni. Ya kwanza nilidhani amekosea. Ya pili nikamwambia, mwanangu, maji hayo hapo. Akaniambia, maji hayana watu ndani yake.

Redio akaona nafasi.

— Sasa niwaambie siri. Brashi hakuwa mtu wa hivihivi. Alitumwa. Wale mastaa walikuja mji huu mmoja mmoja, wamejifunika, wakakaa kwenye benchi hili hili, akawachora.

— Na sisi tulikuwa wapi? aliuliza Mashine.

— Tulikuwepo! Ndio maana ikawa siri.

— Hilo dogo, alisema Msumari, ambaye hakupenda kushindwa. Hebu tazameni lile jengo la benki. Juu limekatwa bapa, pembeni limeshuka mpaka shingoni. Ni namba mbili lile! Mchora ramani wao alipita hapa akaiba. Na ule mnara wa simu uliosimama peke yake katikati? Namba moja. Mji mzima huu umenyolewa kwa Mashine.

Kila mtu akageuka kulitazama jengo la benki. Dizaini alilitazama kuliko wote, kichwa upande.

— Wallahi, ni namba mbili, alisema.

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya fundi cherehani asimamishe mguu. Mashine naye alicheka, lakini bango lile lilikuwa bado kwapani kwa Dizaini.

— Mwanangu, alimwambia, tusipoteze muda. Tundika letu.

— Nitundike nini, mjomba? Dizaini alilishusha bango chini. Hawa wa kwangu nimewatoa kwenye mtandao. Saluni ya vioo imenipa kazi wiki iliyopita, nimewawekea haohao. Nilidhani unajua.

Mashine alikaa kwenye stuli. Kwa hiyo mlango wake ungekuwa mlango ule ule wa ng'ambo, ila mdogo, na usio na muziki.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alimfariji Msumari. Mimi huwa naziacha nyufa. Kujenga ukuta ndiyo kazi.

Bi Mvuke akamsukumia Mashine kikombe.

Wakati huo alitokea mtu asiyemjua yeyote. Mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, funguo bado zimening'inia kidoleni, nywele zimemzidi. Aliamkia wakubwa, akauliza kama kinyozi yupo, maana kesho anaanza kazi na hawezi kwenda kwa watu na kichaka.

— Nipo, alisema Mashine bila kusimama. Chagua namba hapo.

Mgeni akasimama mbele ya benchi. Akautazama ubao. Akamtazama Redio. Akautazama ubao tena, akamtazama Msumari, akainama kidogo amwone Bi Mvuke vizuri. Uso wake ulianza kutabasamu, kama mtu aliyeonyeshwa utani mzuri na anasubiri wenyewe waseme.

— Samahani wazee wangu. Mlijichoresha wenyewe?

— Kina nani?

— Si nyinyi? Huyu mwenye pengo si mzee huyu? Wewe na penseli yako sikioni. Mama na hereni zake. Na kinyozi huyu hapa, namba nne, na nyusi yake juu.

Msumari alipeleka mkono sikioni polepole, akaishika penseli. Bi Mvuke alishika hereni. Redio alifunga mdomo, jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona.

Mashine aliinuka. Mlango wake uko wazi siku zote, na kioo kikubwa kipo ukutani, ukisimama kizingitini unajiona. Alisimama. Aliinamisha kichwa kidogo. Nyusi ikapanda yenyewe, wala hakuituma. Wa kwenye kioo alikuwa mnene zaidi na ndevu zilikuwa na mvi, lakini alikuwa ni yeye, namba nne, mwenyewe. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa anaazima moyo kwa uso wake mwenyewe. Machozi yalimjia na hakuyaficha.

— Mimi nilikuwa najua, alisema Redio.

— Ulijua nini, mdaka upanga? alisema Bi Mvuke. Pengo hilo ulilipata ukifungua soda kwa meno, nilikuwepo! Ile methali yako ya nyani, Redio, leo imepata pa kukaa.

Walicheka mpaka benchi likayumba juu ya tofali lake. Mastaa! Brashi alikuwa amesema kweli tupu, wao ndio waliokwenda kuwatafuta mbali. Msumari alikunja tepu yake, akaitia mfukoni, akafuta kipimo kiganjani kwa mate.

— Kabati litapata mgongo mwingine, alisema. Leteni skrubu. Na ubao huu autundike mtu anayejua.

Aliutundika mwenyewe, Dizaini akishika upande mmoja na kumwambia pandisha, shusha, hapo. Bango la wasanii lilibaki chini, na Redio akalikalia.

— Na huyu wa tano, aliuliza mgeni, mwenye rangi ya kijani usoni, leo hajaja?

Kicheko kiliisha. Walilitazama lile doa, na sasa kila mtu aliliona lilivyo, rangi kwenye uso wa mtu aliyejipangusa jasho kwa mkono wenye brashi.

— Alihama, alisema Msumari.

— Wapi?

— Si alisema... Redio alianza, akaishia hapo.

Bi Mvuke alitikisa kichwa. Alimnywesha kahawa masika nzima, na hata jina hakumuuliza.

— Basi nikate kama yeye, alisema mgeni, akaingia akakaa. Namba tano.

Mashine alimfunga shuka shingoni. Aliwasha mashine ya kunyolea, akasogea nyuma ya kiti alikozoea kuanzia, kisha akaizima. Akachungulia mlangoni.

— Jamani. Brashi kichwa chake, kwa nyuma, kilikuwaje?

Masika nzima alikaa akiwaelekea wao, na siku aliyoinuka akaondoka hakuna hata mmoja aliyemsindikiza kwa macho. Bi Mvuke akainamisha birika kwenye kikombe. Lilikuwa tupu.

— Basi, alisema Mashine. Nitaanzia mbele.