Omena Walioanuliwa Siku ya Sabato

Waombolezaji wote mliofika katika boma hili la marehemu Mzee Boaz Nyangaga, hapa Muhuru Bay, leo Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025, mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani, wakwe na marafiki, familia inawasalimu katika jina la Bwana, na inawasomea maisha ya mama yao, Mwalimu Zilpah Akoko Nyangaga. Anayesoma ni Frankline, kifungua mimba wake, karani wa kanisa letu kwa miaka kumi na miwili, na katika karatasi hii atatajwa kwa jina lake kama watu wengine wote, kwa sababu kila alipojaribu kuandika neno "mimi" kalamu ilimkatalia, na kwa sababu iko sehemu huko mbele ambapo mtahitaji kumtazama kama mnavyomtazama mtu yeyote aliyekosa.

Mwalimu Zilpah alizaliwa tarehe 12 Mei 1955, katika kijiji kimoja cha Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, Homa Bay, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Randa, mkulima wa mtama, na ndiyo maana wazee wa hapa, hata baada ya miaka arobaini na zaidi, bado walimwita Nyar Kanyamwa, binti wa Kanyamwa, kana kwamba alifika jana na mzigo wake haujafunguliwa. Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1963, akamaliza la saba mwaka wa 1969, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka wa 1973, na alibatizwa akiwa kidato cha pili, tarehe 21 Agosti 1971, katika mto uliokuwa na baridi kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, dhambi zilizobaki zilitoka kwa kutetemeka. Alisomea ualimu huko Kamagambo, karibu na Rongo, na mwezi wa Januari 1976 akapewa darasa lake la kwanza, watoto sitini na wawili, madawati tisa.

Madawati hayo tisa ndiyo yaliyomletea mume, kwa maana fundi seremala aliyeitwa kuyaongeza alikuwa Boaz Nyangaga kutoka Muhuru Bay, ambaye alichukua miezi minne kufanya kazi ya wiki tatu, na mkuu wa shule alipouliza sababu, walimu wenzake walicheka tu. Walifunga ndoa kanisani Jumapili tarehe 16 Desemba 1979, na Mungu akawajalia watoto watatu, Frankline mwaka wa 1981, Rael mwaka wa 1984, ambaye ni muuguzi huko Homa Bay, na Elvis mwaka wa 1988. Mzee Boaz alitangulia tarehe 3 Juni 2009, akiacha sifa ya mume aliyempenda mke wake na kuujua urefu wa sala zake, kwani kila alipoombwa Mama kuombea chakula, Mzee alirudisha kifuniko cha sufuria polepole, ili ugali usipoe kabla ya Amina.

Mwaka wa 1983 Mama alihamishiwa shule ya hapa kijijini, akafundisha hadi alipostaafu mwezi wa Mei 2015, na wengi wenu mliosimama pale nyuma mlipita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa kuhubiri darasani, alisema watoto wa dini za mababu na wa dini nyingine walikuja kujifunza hesabu, wafundishwe hesabu, lakini kila Ijumaa wakati wa mapumziko alitoa beseni lake la bluu, sabuni na dawa, akaketi kwenye kigoda, akawaosha miguu watoto waliokuwa na funza, akawatoa funza mmoja mmoja, huku akiwauliza jedwali la kuzidisha ili wasisikie sindano. Ryoba, ambaye baba yake alichunga ng'ombe wa watu na hakuwahi kukanyaga kanisa lolote, yuko hapa leo, na ameiambia familia kwamba mpaka sasa, akifika kwenye saba mara nane, mguu wa kushoto humwasha. Frankline alisoma katika shule hiyohiyo, na anaungama kwamba alimwonea mama yake aibu, akapita mbali na kigoda kile kila Ijumaa, asije akaitwa kushika taulo.

Jirani wa karibu wa Mama kwa miaka tisa ya mwisho alikuwa Faduma, aliyekuja na mume wake kutoka Garissa mwaka wa 2016 wakafungua duka karibu na ufuko, na baadaye akaanza kununua omena, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi, kuwaanika na kuwasafirisha. Urafiki wao ulikuwa wa vyombo, maana sahani haikurudi tupu kutoka upande wowote. Mwezi wa Ramadhani Mama alimpelekea uji wa wimbi jioni, na kila Ijumaa Mama alipokuwa akiharakisha kupika na kufua kabla jua halijazama na Sabato kuingia, Faduma alituma mtu amsaidie kuchota maji, akimtania kwamba Mungu wa Mwalimu ana haraka kuliko gari la Kisumu.

Sasa familia inafika mahali ambapo historia nyingi za marehemu hupita kwa kunyata, na Frankline ameomba ndugu zake wamruhusu asinyate.

Sabato ya tarehe 9 Oktoba 2021, tukiwa kanisani, mahubiri yakiwa katikati, mawingu yalifunga kutoka ziwani na ngurumo ikapiga. Faduma alikuwa amepelekwa hospitalini Migori siku mbili kabla, uchungu wa mimba ukiwa umemkamata vibaya, mume wake yuko naye, na omena wake wa wiki nzima walikuwa wameanikwa kwenye nyavu kuukuu pale ufukoni, na hakuna asiyejua hapa kwamba omena wakinyeshewa kabla hawajakauka ni wa kumwagwa. Mama alikuwa na watoto kumi na mmoja wa darasa lake la Shule ya Sabato, akasimama nao, wakatoka mstari mmoja kwa adabu, na dakika chache baadaye wale waliokaa karibu na madirisha waliona watoto wenye nguo nyeupe za ibada wakikimbia na mabeseni, na Mwalimu Zilpah, miaka sitini na sita, amefunga leso kiunoni, anakunja nyavu. Duka la Faduma lilikuwa limefungwa, na paa jingine lililokuwa karibu lilikuwa moja tu, na hilo lilikuwa la kanisa. Wakawaingiza omena ndani, wakawamwaga chini nyuma ya viti vya mwisho, beseni baada ya beseni, mhubiri akiwa bado anaendelea, mpaka ikabidi anyamaze.

Kanisa lilinuka omena hadi Krismasi, na paka wa Muhuru wakaanza kuhudhuria ibada kuliko vijana. Tungeweza kucheka, na wengine walicheka, lakini wapo wazazi walioudhika kwa ajili ya nguo, na wapo wazee walioudhika kwa ajili ya Sabato, na baraza la kanisa likaitwa Jumapili tarehe 17 Oktoba, miaka minne kamili hadi leo. Mashtaka yalikuwa matatu, kufanya kazi siku ya Sabato, kuwatoa watoto ibadani, na kuingiza biashara katika nyumba ya Mungu. Alipoulizwa kama hakumbuki jinsi Bwana alivyopindua meza za wafanyabiashara hekaluni, Mama alijibu kwa upole, "Nakumbuka, lakini wale walikuwa wamesimama hapo wanauza, na huyu wetu alikuwa kitandani anazaa."

Wajumbe walikuwa tisa, na mikono ikahesabiwa, wanne wakitaka aonywe kwa maneno tu, wanne wakitaka awekwe chini ya nidhamu miezi sita, na mtu wa tisa alikuwa karani, mwanawe. Frankline aliamini moyoni kwamba mama yake hakukosa. Lakini aliona macho yote yamemgeukia, akaogopa kusemwa kwamba anapendelea damu yake, akaona kwamba mtumishi wa kanisa aliyekamilika ni yule asiyemjua hata mama yake mzazi, akainua mkono pamoja na wale wa nidhamu. Usiku haukupita kabla hajaandika barua, akaianza "Dada Zilpah katika Bwana", akaipiga muhuri, na asubuhi akampelekea mwenyewe pale jikoni, akisimama mlangoni kama mtu asiyejua kigoda kiko wapi. Mama aliisoma, akaikunja, akamuuliza kama amekunywa chai.

Nidhamu hiyo ilimwondolea darasa la watoto, na ikamzuia asishiriki Meza ya Bwana wala ile huduma inayoitangulia, ambapo waumini huoshana miguu wawili wawili kwa kumbukumbu ya unyenyekevu wa Bwana. Mama hakukosa ibada hata moja. Aliketi kiti cha nyuma kabisa, pale palipokuwa na omena, na siku za kuoshana miguu zilipofika alitoka nje kabla ya kutajwa, akawasha moto, akapasha maji, akayajaza mabeseni, likiwemo lake la bluu, akayapanga mlangoni ili wengine waoshane. Frankline aliosha na kuoshwa kwa maji hayo, yakiwa vuguvugu, na hakuwahi kumwuliza mtu ni nani aliyeyapasha, kwa sababu alijua.

Miezi sita iliisha tarehe 17 Aprili 2022. Kwa utaratibu wetu nidhamu haijiondoi yenyewe, ni lazima jina liletwe barazani na liondolewe kwa kura, na mwenye kuandika yatakayojadiliwa ni karani. Mwezi huo Frankline alisema shule zinafunguliwa, atalileta mwezi ujao. Mwezi uliofuata kulikuwa na ujenzi wa choo cha kanisa. Baadaye sababu zikaisha ikabaki aibu, kwani kulileta jina lile kungemlazimu aseme mbele ya wazee kwamba mkono wake ulidanganya, na kadiri muda ulivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kueleza kwa nini umepita. Wenzake walidhani limekwisha. Mama hakuomba, na Rael alipomhimiza aombe, alimjibu kwamba aliyelifunga anajua alipoweka ufunguo. Ngojangoja huumiza matumbo, na kwa miaka mitatu na nusu Mwalimu Zilpah alipasha maji.

Miguu yake ilianza kuvimba mwezi wa Februari mwaka huu, akatibiwa hapa, kisha Migori, madaktari wakasema ni moyo, na tarehe 11 Septemba akalazwa Homa Bay karibu na Rael. Jumapili tarehe 28 Septemba Frankline alikwenda kumwona, akiwa ameyapanga maneno ya kuomba msamaha tangu Rongo, na alipofika kwenye mlango wa wodi akamkuta Faduma amepiga magoti sakafuni, amekunja mikono ya buibui, anamwosha Mama miguu katika beseni la hospitali, polepole, kwa sababu ngozi ilikuwa imevutika na ilimuuma. Faduma hakujua habari za huduma yoyote ya kanisa, aliona tu miguu ya jirani imechafuka na mwenyewe hawezi kuinama. Frankline alirudi nyuma, akaenda kununua ndizi. Aliporudi, Mama alizipokea ndizi, akamwambia, "Wuoda, mwanangu, kama una neno, liseme, mimi nipo." Frankline akasema amechoka na safari, na kwamba mvua imeanza vizuri Muhuru, na kwamba atarudi tarehe 12.

Mama alilala Jumatano tarehe 8 Oktoba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini. Tarehe 12, siku ile aliyoahidiwa, baraza liliketi, na Frankline akafungua kitabu mbele ya wote na kuwaonyesha kwamba mama yake amekufa akiwa chini ya nidhamu. Mchungaji alisema, na tunamshukuru kwa kusema kweli, kwamba baraza haliwezi kumpigia kura mtu aliyekwisha kwenda kwa mwenye kanisa, ila litasimama kaburini, kwa kuwa kosa lilikuwa la kitabu na si lake. Si la kitabu, mchungaji. Kitabu hakina mkono. Frankline amekabidhi muhuri na ukarani, na barua ile tumeikuta ndani ya Biblia ya Mama, na nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, Mama ameandika majina ya wale watoto kumi na mmoja, na kando ya kila jina amepiga alama ya vema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Migori na Homa Bay, walimu wote mliofundisha naye, kanisa, majirani wa karibu na wa mbali, na wanafunzi wake wa miaka yote. Inamshukuru Faduma, na bintiye Ayesha aliyezaliwa wiki ile ya mvua, ambaye humwita Mama dani, yaani bibi, na hakuna aliyemfundisha.

Karatasi imeishia hapo. Lakini nimeinua macho, na ninyi inueni mtazame ziwani, mwone wingu lile. Faduma yuko jikoni kwetu tangu alfajiri anawapikia, na omena wake wako ufukoni, nimewaona nikipita asubuhi. Naomba tukishafukia, kabla ya chakula, wazee wa baraza na mimi tutangulie, na kila mwenye mikono afuate, mabeseni yako pale mlangoni, na lile la bluu ni langu. Tukichelewa, jua lizame na Sabato itukute tunaanua, basi itukute hivyo.

Nisamehe, Mama. Pumzika kwa amani, mvua hii tumeiona.